Mkasi, Gundi na Hazina ya Karatasi Kuukuu

Kila mja na uraibu wake. Kuna wasiolala bila kucheza bao, kuna wafugao njiwa, na kuna ambao jioni kwao si jioni mpaka wakae barazani wakazungumza. Uraibu wangu mimi ni mkasi, gundi na daftari. Nakata habari na picha magazetini, nakusanya tikiti, kadi za arusi, ratiba za Ramadhani na risiti za zamani, kisha nazibandika daftarini na kuandika pembeni: hii ni ya lini, imetoka wapi, na kwa nini nimeiweka.

Wako wanaouona mchezo wa watoto. Mimi nasema ni burudani isiyo gharama wala dhambi, na faida yake huonekana siku ambayo mtu hakuitazamia.

KWENYE MEZA ZA SAMAKI

Mimi ni mtu wa pwani, lakini makazi yangu ni Obunga, mtaa wa watu wa kipato kidogo mjini Kisumu. Mtaa huu una sifa ya mgongo wazi. Viwanda huchukua minofu ya samaki mkubwa wa ziwani, mbuta, wakaipeleka ng'ambo. Kichwa na mifupa yenye nyama kidogo hununuliwa na akina mama, ikakaangwa na kuuzwa. Kiunzi hicho cha samaki ndicho mgongo wazi, na familia nyingi zimesomesha watoto kwacho.

Basi penye samaki wa kukaanga pana magazeti ya kufungia. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Agosti 2017, gazeti kuukuu lilirudishiwa heshima yake. Akina mama hununua mafungu kwa kilo, na mimi huyapekua kabla hayajapakwa mafuta. Mama mmoja hunitania kila anionapo:

"Sheikh, leo umekuja kununua samaki ama kusoma?"

"Vyote viwili, mama," humjibu, naye hunisogezea fungu.

Humo nimeokota mengi. Nimepata habari ya Desemba 1987, Gor Mahia walipotwaa Kombe la Washindi la Afrika, lililokuwa likiitwa Kombe la Mandela. Walitoka sare na Esperance ya Tunisia mara mbili, 2-2 kule Tunis na 1-1 Nairobi, wakalichukua kwa mabao ya ugenini. Nimepata habari za Kisumu kuwa jiji mwaka 2001. Nina picha za mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda yakayaingia makazi ya watu ufuoni.

Ukurasa mmoja nimeutenga kwa ajili ya msikiti wa Jamia wa hapa Kisumu, uliojengwa mwaka 1919, na chini yake nimebandika ratiba za kufuturu za miaka mbalimbali. Jamaa zangu wa pwani hudhani Uislamu huku ni mgeni wa jana. Nikiwafungulia ukurasa huo, hunyamaza wakasoma.

Jambo moja nalichunga. Kipande chenye aya au jina la Mwenyezi Mungu hakirudi kwenye fungu la samaki. Hata kama sina haja nacho, nakiweka kando mpaka nikipeleke panapostahili.

MKEBE WA MZEE WA MELI

Nilikuwa na jirani, mzee wa Kijaluo, aliyefanya kazi katika meli za ziwani enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Karatasi zake za kazi alizitia katika mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Usiku mmoja mvua kubwa ikaingia nyumbani mwake, na mkebe ukajaa maji. Asubuhi tulizianika karatasi moja moja juu ya gunia, kivulini. Nyingi zilikuwa uji. Nne zilipona, na mojawapo ilikuwa hati ya mshahara ya mwaka 1962.

Nilipomwomba tuzibandike katika daftari, alicheka. "Takataka hizi za nini? Mimi mwenyewe bado niko."

"Uko leo, mzee," nikamwambia. "Wajukuu watauliza kesho."

Tukakaa jioni tatu. Yeye akisema, mimi nikiandika chini ya kila karatasi: meli gani, bandari gani, nahodha alikuwa mkali au mpole. Jioni ya tatu wajukuu wake walikuwa wamejaa mlangoni wakisikiliza mambo ambayo hawajapata kuyasikia, nao wameishi naye nyumba moja.

Mzee alipofariki, wanawe walitaka kuandika historia ya marehemu, ile isomwayo mazishini. Huyu akisema baba alianza kazi kabla ya Uhuru, yule akisema baada yake. Sauti zikaanza kupanda. Mjukuu mmoja akaleta daftari, akaonyesha hati ya 1962, na Uhuru wa Kenya ni wa Desemba 1963. Maneno yakaisha. Jina la lile shirika halipo tena, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilivunjika mwaka 1977. Lakini jina la mzee lilikuwa pale, limepigwa kwa taipu. Kama si unga kidogo na maji, angezikwa na miaka ya kubahatisha.

WAZEE WETU WALITANGULIA

Wazungu wana historia yao katika jambo hili. Mwandishi Mark Twain wa Marekani alijipatia hataza mwaka 1873 kwa kubuni daftari ambalo kurasa zake zina gundi tayari. Lakini sisi wa pwani tusidhani kuhifadhi ni elimu ya kuletewa. Tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya 19, zilibaki vinywani mwa watu baada ya yeye kufa. Mwalimu Sikujua bin Abdallah ndiye aliyezikusanya na kuziandika, akisaidiana na Mwingereza W. E. Taylor. Diwani yake ikachapishwa mwaka 1940. Lau Mwalimu Sikujua angesema "zinajulikana, za nini kuziandika?", leo tungemsikia Muyaka kwa jina tu.

Tazama pia Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanza kutoa Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932. Makala ya Sahifa twayasoma leo katika kitabu cha Uwongozi. Karatasi ya siku moja imevuka miaka tisini kwa sababu kulikuwa na watu waliokataa kuitupa.

NAMNA YA KUANZA

Nunua kaunta buku yenye jalada gumu. Gundi waweza kuipika: unga wa ngano na maji, ukoroge motoni mpaka uwe mzito. Paka kiasi kidogo na uache ukurasa ukauke kabisa kabla ya kufunga daftari, kwani gundi ya unga huwaita mende.

Karatasi ya gazeti hugeuka manjano upesi ikipigwa na mwanga. Habari uipendayo sana itolee nakala katika karatasi nzuri, ubandike nakala hiyo. Picha ya familia usiipake gundi. Ishike kwa pembe nne za karatasi, upate kuitoa ukitaka. Na kwa asiyependa kuweka picha za watu, kadi, barua, mashairi na majina ya leso yatajaza daftari zima.

Muhimu kupita yote ni maandishi ya pembeni. Kipande kisicho tarehe wala jina ni yatima. Miaka ishirini ikipita, hata wewe hutakitambua. Andika siku, mahali, na neno moja la moyoni mwako.

Nyumbani kwako, ndugu msomaji, pana droo au mkoba wenye kadi ya arusi ya mama, tikiti ya basi, barua ya ami aliyesafiri. Maadamu wazee wapo, kaa nao ukiwa na kalamu, uwaulize kila karatasi ni ya nini. Unga utaupata dukani siku yoyote. Wa kukujibu hawapatikani siku zote.