Ngojamaliko: Ndege Anayehesabiwa kwa Masikio

Ngojamaliko wa Ulaya na yangeyange ni wa familia moja, lakini tabia zao ni mbingu na ardhi. Yangeyange hutembea peupe malishoni, nyuma ya ng'ombe. Ngojamaliko huwinda, hulala na kulea makinda ndani ya matete marefu, na wengi wanaoishi jirani naye hawajawahi kumtia machoni. Si kwamba ni mdogo: urefu wake ni kati ya sentimita 70 na 80. Kinachomficha ni manyoya yenye rangi ya majani makavu na michirizi myeusi inayoshuka shingoni sambamba na mashina ya matete.

Akihisi hatari, mara nyingi haruki. Hunyoosha shingo, huelekeza mdomo juu, kisha hutulia tuli. Macho yake yamekaa kwa namna inayomwezesha kumtazama adui aliye mbele hata mdomo ukielekea mbinguni. Upepo ukivuma na matete yakayumba, naye huyumba nayo.

Sauti ndiyo inayomfichua. Tangu mwishoni mwa majira ya baridi hadi mwanzoni mwa kiangazi, hasa alfajiri na magharibi, dume hutoa mvumo mzito kama wa mtu anayepuliza mdomo wa mtungi mtupu. Kwanza husikika mikoromo mifupi anapovuta hewa, halafu mivumo kadhaa ya mfululizo. Usiku ukiwa shwari, mvumo huo unaweza kusikika umbali wa kilomita 5.

Nguvu hiyo inatoka kooni. Msimu wa kuzaliana unapokaribia, misuli inayouzunguka umio wa dume hunenepa, na umio wenyewe hujaa hewa ukawa chumba cha kukuzia sauti. Ndiyo maana mwanzoni mwa msimu dume hukoroma tu. Mvumo kamili huja misuli ikishakomaa. Uzito wa sauti nao una kazi yake. Sauti nyembamba hugonga mashina ya matete na kutawanyika, ilhali mawimbi marefu ya sauti nzito hupenya na kufika mbali, hadi kwa jike asiyeonekana. Wakishapandana, dume hana shughuli tena na familia. Huendelea kuvuma akiita wengine. Jike hujenga kiota peke yake juu ya maji, hutaga mayai manne hadi sita, huyaatamia kwa siku zipatazo 25, kisha hulisha makinda bila msaada.

Nchini Uingereza, sauti hii ilikaribia kupotea kabisa. Mabwawa yalikaushwa yakawa mashamba, na ndege wenyewe waliwindwa kwa nyama na kwa makusanyo ya watu waliopenda kuhifadhi ndege waliokaushwa. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19 ngojamaliko hakuwa akizaliana tena nchini humo. Mwaka 1911 mpiga picha Emma Turner alipiga picha ya kinda huko Norfolk, ushahidi kwamba ndege huyo amerudi. Idadi ilipanda, kisha ikaporomoka tena: mwaka 1997 madume waliosikika wakivuma katika Uingereza nzima walikuwa 11 tu.

Watafiti wamewezaje kuhesabu ndege asiyeonekana? Wasikilizaji hukaa sehemu mbalimbali kuzunguka matete kabla ya jua kuchomoza, kila mmoja akiwa na saa na dira. Mvumo ukisikika, kila mtu huandika saa na upande ulikotoka. Baadaye mistari hiyo huchorwa kwenye ramani, na pale inapokutana ndipo alipo dume. Watafiti waligundua pia kwamba mivumo ikirekodiwa na kupimwa, dume mmoja hutofautishwa na mwingine. Majike hawavumi, hivyo viota hutafutwa kwa kumvizia jike anayerudi mara kwa mara mahali pale pale na chakula cha makinda.

Shirika la kuhifadhi ndege la RSPB liliwafunga baadhi ya ngojamaliko vifaa vidogo vya redio ili kujua wanakokwenda. Ilibainika kwamba hawatumii matete yote. Huwinda samaki na mikunga karibu na kingo, pale matete yanaposimama ndani ya maji, na hukwepa sehemu zilizokauka. Matete yakiachwa bila kutunzwa, majani yaliyooza hujaa chini, maji huondoka na vichaka hushika nafasi. Kwa hiyo kwenye hifadhi kama Minsmere, Suffolk, matete yalikatwa, usawa wa udongo ukashushwa na mifereji ikachimbwa. Huko Somerset, mashimo yaliyobaki baada ya udongo wa mboji kuchimbwa yalijazwa maji na kupandwa matete. Leo eneo hilo, Ham Wall, ni mojawapo ya makao makubwa ya ngojamaliko. Kufikia mwaka 2024 madume wanaovuma nchini Uingereza walikuwa 283.

Mwaka 2010 Ham Wall ilipata mgeni mwingine: ngojamaliko mdogo, ndege wa aina nyingine, alizaliana hapo. Ndege wa aina hiyo wanaozaliana Ulaya hukimbia baridi na kuja Afrika, wengi wao Afrika Mashariki, ambako pia kuna wenzao wasiohama. Dume wa ngojamaliko mdogo hubweka kwa sauti fupi, nzito, kila baada ya sekunde chache, akiwa amejificha ndani ya matete au mafunjo. Mtu akihesabu kwa macho pekee, ardhioevu za kwetu zitaonekana hazina ndege ambao kumbe wamo. Saa, dira, daftari na wasikilizaji wachache walioamka mapema wangetosha kuanza kuwatambua, kabla mafunjo hayajafyekwa kupisha mashamba.