Baada ya Matokeo ya Darasa la Saba: Mtoto Aende Shule Gani?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kumaliza masomo ya msingi yanapotangazwa hapa Uganda, katika kila kambi ya jeshi na katika kila makao ya polisi huwako mzazi ambaye hajui kama afurahi au ahuzunike. Mtoto wake amepata jumla ya 11. Mtoto wa jirani amepata 7. Yule wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akisifiwa na walimu wote, amepata 26, na mama yake hajatoka nje tangu asubuhi. Nyumba zote tatu zinakabiliwa na swali moja, nalo hapana budi lijibiwe katika muda wa majuma machache tu: mtoto huyu aende shule gani ya sekondari?

Ukurasa huu umeona vema kulizungumza jambo hilo, kwa kuwa askari ni mzazi kama wazazi wengine, ila ana matatizo mawili ambayo raia wengi hawana. Kwanza, aghalabu yuko mbali na nyumbani wakati uamuzi unapohitajika. Tangu mwaka 2007, majeshi yetu yalipokwenda Somalia, si mzazi mmoja wala wawili waliomchagulia mtoto shule kwa simu kutoka Mogadishu. Pili, askari huhamishwa. Leo yuko Moroto, mwakani yuko Mbarara, na shule haifungwi ndani ya mkoba wa safari.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana wako wazazi wengi wanaoitazama karatasi ya matokeo bila ya kuielewa, na kuona haya kuuliza. Mtihani una masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi, na Elimu ya Jamii ambayo ndani yake mna maswali ya dini. Kila somo hupewa alama kutoka 1 hadi 9, na hapa 1 ndiyo bora na 9 ni kushindwa. Alama nne zikijumlishwa, mtoto aliyefaulu kupita wote hupata 4 na aliyeshindwa kabisa hupata 36. Kuanzia 4 hadi 12 ni daraja la kwanza. Basi aliyepata 11 yumo katika daraja la kwanza, sawa na aliyepata 4. Lakini mlangoni mwa shule kubwa hawatendewi sawa, na hapo ndipo machozi yanapoanzia.

Sababu ni uchache wa nafasi. Mwaka 2024 watoto waliojiandikisha kwa mtihani huu walikuwa karibu 800,000. Kabla ya mwaka 1997, serikali ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote, watoto waliokuwa katika shule za msingi za nchi nzima walikuwa karibu milioni 3. Mwaka huo mmoja wakazidi milioni 5. Shule za msingi zilifunguka kama mlango wa soko. Zile shule kongwe za sekondari, hata hivyo, zilibaki na mabweni yale yale.

Nazo zinajulikana kwa majina hata na watu wasiopata kukanyaga viwanja vyake: Namilyango iliyoanzishwa mwaka 1902, Gayaza ya wasichana ya mwaka 1905, Budo na Kisubi za mwaka 1906, na huko magharibi Ntare ya mwaka 1956. Budo ilijengwa juu ya kilima ambapo Makabaka wa Buganda hutawazwa, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wana wa machifu na wakubwa. Wamishonari walioziasisi shule nyingi za aina hii walikuwa na mfano waliouleta kutoka kwao: shule ya kuchuja wachache, kuwalaza bwenini, kuwafundisha michezo na ibada, kisha kuwatoa wakiwa viongozi. Tukisema kwamba mchujo wetu una damu ya kigeni hatutakuwa tumekosea.

Na huko Uingereza mambo yalikwendaje? Sheria ya elimu ya mwaka 1944 ilileta utaratibu ambao kwao watoto wa miaka 10 na 11 walitahiniwa. Waliofaulu walikwenda shule za grama, zilizokuwa njia ya chuo kikuu na kazi za ofisini, na wengi waliosalia walipelekwa shule za kawaida ambazo hazikutarajiwa kutoa wasomi. Wazazi walilalamika kwamba ni dhuluma kuyakata maisha ya mtu kwa mtihani wa asubuhi moja angali mtoto. Mwaka 1965 serikali ya chama cha Labour ikaziagiza wilaya zijitayarishe kuuondoa mchujo huo, na mwaka 1998 ikatungwa sheria ya kukataza shule mpya za namna hiyo. Hata hivyo katika Uingereza penyewe zimesalia shule za grama 163, na katika wilaya kama Kent wazazi hadi leo wanakosa usingizi mwezi wa Septemba kama tunavyokosa sisi mwezi wa Novemba. Wenye fedha huwaajiri walimu wa pembeni miaka miwili kabla. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika shule hizo watoto wa maskini, wale wanaopewa chakula cha bure, hawakufika hata 3 katika kila 100.

Kuna jambo moja la kwao ambalo tungependa wakubwa wetu walitazame. Kanuni za kuingiza watoto shuleni huko Uingereza zinasema kwamba askari aliyepewa barua rasmi ya uhamisho anaweza kuombewa nafasi ya mtoto wake katika wilaya anayokwenda kabla familia haijahama. Mtihani wa shule ya grama mtoto bado atatakiwa kuufaulu, lakini hawezi kuambiwa kuwa amekosa nafasi kwa sababu tu mzigo wa baba yake ungali njiani. Hilo halihitaji fedha nyingi. Lahitaji barua na mhuri.

Sisi kwetu uhamisho humwumiza mtoto mapema zaidi. Mtahiniwa huandikishwa mwanzoni mwa mwaka kwa jina la kituo chake, hupewa namba, na kituo hicho ndicho atakachokalia mtihani. Baba akihamishwa mwezi wa Julai, mtoto wa darasa la saba hawezi kumfuata kama mbuzi. Ama abaki na jamaa, ama alale bwenini mpaka Novemba. Tunawashauri wale wenye watoto darasa la sita walifikirie hilo leo, si siku ya kupakia lori.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Kwa miaka mingi watoto walijaza majina ya shule wazitakazo kabla ya kuufanya mtihani, na wazazi wengi walijaza kwa kufuata sifa. Mtoto ambaye katika majaribio yote hakupata kushuka chini ya 10 akaandikiwa Budo, kisha Kisubi, kisha Namilyango. Walimu wakuu walipokutana Lugogo, Kampala, kuwagawana wanafunzi, shule hizo zilijaa watoto wa 4, 5 na 6. Jina la yule wa 10 likadondoka chaguo la kwanza, la pili na la tatu, na shule nzuri ya wilayani kwao ambayo ingempokea kwa mikono miwili ikawa imekwisha kujaa wale walioiandika ya kwanza. Hakushindwa mtihani mtoto huyu. Aliangushwa na kalamu ya mzazi wake.

Kwa hiyo, mzazi mwenye karatasi ya 11 mkononi asipoteze siku akizunguka ofisi za shule zinazoishia 6. Hapo ndipo wapatikanapo wale mabwana wanaojidai kumjua mwalimu mkuu, wanaotaka kitu kidogo ili jina liingizwe. Askari wa polisi anayesoma ukurasa huu anafahamu kwamba maboksi ya mitihani hulindwa katika vituo vya polisi hadi siku yenyewe, na kwamba sheria ya mwaka 2021 ya Baraza la Mitihani inaweza kumfunga mwenye kuvujisha karatasi hadi miaka 10. Huyo huyo aliyelinda boksi usiku kucha, na pengine mwanawe alikuwamo chumbani akiufanya mtihani ule ule, atakuwa na uso gani akinunua nafasi mwezi wa Februari?

Kisha kuna karo. Wazazi husikia kiasi cha karo na kukipigia hesabu mshahara, wakasahau kwamba barua ya kuitwa shuleni ina ukurasa wa pili. Ukurasa huo hutaja godoro, sanduku, ndoo, sare za aina mbili au tatu, rimu za karatasi, na mifagio. (Laiti mifagio yote iliyonunuliwa kwa ajili ya shule za Uganda ingefagia kweli, nchi hii ingeng'aa.) Jumlisha nauli ya kwenda na kurudi mara tatu kwa mwaka, zidisha kwa miaka minne, ndipo uamue. Mtoto anayerudishwa nyumbani kila muhula kufuata karo husoma kidogo kuliko yule aliyetulia katika shule ya kutwa isiyo na jina.

Lakini mzazi anaweza kulipa na bado akakosea. Tunawaomba wasomaji wetu wakaitazame shule kwa macho ya kazi yao. Mwezi Aprili mwaka 2008 bweni la wasichana katika shule ya msingi ya Budo Junior liliungua usiku, na watoto karibu 20 wakafa. Mwezi Juni mwaka 2023 waasi wa ADF waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, karibu na mpaka wa Kongo, wakawaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Mwanajeshi au polisi anapofika shuleni haimpasi kuishia ofisini kutazama vikombe vya mpira. Na aende bwenini. Je, madirisha yana nondo zisizofunguka? Milango ni mingapi, na usiku hufungwa kwa nje au kwa ndani? Funguo zinakaa kwa nani? Mlinzi ni mzee mmoja mwenye rungu? Bibi wa bweni analala humo humo au kijijini? Mwalimu mkuu anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kukujibu.

Na yule mwenye 26? Habari zake si mbaya kama mama yake anavyodhani. Mwaka 2007 serikali ilianza kulipia masomo ya sekondari katika shule za mpango wa elimu kwa wote, na shule mpya zimekuwa zikijengwa katika kata ndogo ambazo hapo zamani hazikuwa na sekondari hata moja. Ziko pia shule za ufundi zinazowapokea waliomaliza darasa la saba. Jeshi lenyewe hutafuta mafundi wa magari, wa umeme na wa ujenzi kila siku, wala hatujapata kusikia lori lililokataa kutengenezwa kwa sababu fundi alipata 26.

Mtoto wa kambini, kwa upande mwingine, ana akiba moja ambayo karatasi ya matokeo haikuipima. Katika mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Watoto wa mijini wanahangaika na ngeli ilhali mtoto wa askari amekizungumza tangu alipokuwa akicheza mpira nyuma ya bwalo. Ni vema mzazi aiulize shule kama kweli ina mwalimu wa Kiswahili, kwani si zote zilizompata.

Jambo la mwisho ni la utaratibu. Barua ya nafasi huwa na tarehe ya kuripoti. Tarehe ikipita, shule huwaita walio katika orodha ya wanaosubiri, na nafasi huwa imekwenda. Askari aliye kazini mbali na amwandikie mkewe, kaka yake au mwalimu anayemwamini barua ya kumruhusu kumwandikisha mtoto, aitie sahihi mbele ya mkuu wake wa kikosi, na aitume pamoja na nakala ya karatasi ya matokeo kabla ya shule kufunguliwa.