Siga ya Kusokotwa kwa Mkono: Je, Ni Salama Kuliko Sigara ya Kawaida?

Leo katika ukurasa wetu wa afya tutazungumzia jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni tatizo, kwa sababu linakuja limevaa nguo nzuri.

Tuseme umekwenda Jalan Bani Bu Ali kwa mapumziko ya Idi. Umesali katika ule msikiti wa zamani wa Al Hamoda wenye makuba 52, umerudi nyumbani, mmekaa sablani, haluwa imeliwa na kahawa inazunguka. Jamaa mmoja aliyetoka safari anafungua kisanduku cha mbao. Ndani zimepangwa siga, yaani zile sigara nene zilizotengenezwa kwa jani la tumbaku tupu bila ya karatasi. Anakwambia, "Hizi si sigara za dukani. Ni kampuni mpya ya familia, baba na wanawe, wanasokota wenyewe kwa mkono. Hazina dawa. Onja moja tu, na wala huhitaji kuumeza moshi."

Je, maneno hayo ni ya kweli? Hebu tuikague siga hiyo. Wanaozipenda huziangalia kwa mambo manne: sanduku na jina la mtengenezaji, jani lenyewe, moshi wake, na muda inaowaka. Nasi tutayafuata hayo hayo manne, lakini kwa jicho la afya.

1. Sanduku na jina la familia

Ni kweli kwamba siga nyingi za kifahari zinatengenezwa na familia. Baada ya serikali ya Cuba kuvitaifisha viwanda vya siga mwaka 1960, familia kadhaa zilihama na ujuzi wao, na leo siga nyingi za mkono zinatoka Nicaragua, Jamhuri ya Dominika na Honduras. Kazi hiyo ni ya ufundi hasa. Msokotaji anayakusanya majani ya ndani, anayafunga kwa jani la pili, kisha anavisha jani la nje lililo laini lisilo na tundu. Usione vyaelea, vimeundwa.

Lakini ufundi ni kitu kimoja na usalama ni kitu kingine. Jina la familia linakwambia nani amesokota, halikwambii kitakachotokea kinywani mwako. Wala usidhani kwamba kwa kuwa siga inauzwa Marekani basi lazima serikali ya huko imeshaikagua. Mwaka 2023 mahakama moja ya Washington iliubatilisha uamuzi wa FDA, idara ya serikali inayosimamia dawa na vyakula, wa kuziweka siga za kifahari chini ya usimamizi wake. Basi kwa siga hizi, sifa nyingi unazozisikia ni sifa za muuzaji.

2. Jani lenyewe

Hapa ndipo penye kosa kubwa la wengi. Watu husema, "Ni jani tupu, halina dawa, basi halina madhara." Ndugu msomaji, sumu kuu ya tumbaku haitiwi kiwandani. Nikotini inatengenezwa na mmea wenyewe, ili kujikinga na wadudu. Wakulima na vibarua wanaochuma tumbaku mbichi iliyolowa umande au mvua wanaweza kupata kizunguzungu na kutapika kwa nikotini inayopenya kwenye ngozi tu, na wala hawajavuta hata pafu moja.

Kisha kuna suala la kuivundika. Jani la siga hukaushwa polepole kwa hewa, halafu hurundikwa likiwa na unyevu mpaka linapata joto lenyewe na kuchacha. Kuchacha huko ndiko kunakoleta ile ladha na harufu inayosifiwa. Lakini katika ukaushaji na uchachaji huo huo ndimo zinamozaliwa kwa wingi kemikali ziitwazo nitrosamini, ambazo ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Hivyo basi, kile kinachoitwa ustadi wa kulivundika jani ndicho pia kinachoongeza sumu ndani yake. Mkono wa msokotaji, hata ukiwa safi vipi, hauwezi kuiondoa.

3. Moshi, na ile hoja ya "mimi siumezi"

Wengi wanaamini kwamba asiyeuvuta moshi mpaka kifuani hapati kitu. Kwa sigara ya kawaida mwili unapokea nikotini zaidi kupitia mapafu. Tumbaku ya aina ya Virginia, kama ile inayolimwa Tabora na Urambo na kukaushwa kwa moto wa kuni, hutoa moshi wenye asidi, na nikotini yake haipiti kwa wepesi kinywani. Siga ni kinyume chake. Jani lililokaushwa kwa hewa na kuchachushwa hutoa moshi wenye alkali, na nikotini ya moshi huo hupenya moja kwa moja kwenye ngozi laini ya mashavu, ulimi na ufizi. Ndiyo maana mtu asiyezoea akiionja tu huweza kuona dunia inazunguka, jasho baridi linamtoka na tumbo linachafuka.

Isitoshe, mate yanayomezwa yanashuka na sumu hizo kooni. Wanaovuta siga kila siku, hata wasiovuta moshi ndani, wana hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya kinywa, ya koo na ya umio kuliko watu wasiovuta kabisa. Ufizi huharibika na meno hulegea.

Kuna mifano inayojulikana duniani. Ulysses Grant, aliyekuwa rais wa Marekani na mpenzi mkubwa wa siga, alifariki mwaka 1885 kwa saratani ya koo. Sigmund Freud, yule daktari mashuhuri wa Vienna, aligunduliwa saratani ya kinywa mwaka 1923. Alipasuliwa mara zaidi ya 30 mpaka akafariki London mwaka 1939, na hata katika maradhi yake siga ilimshinda kuiacha. Hao walikuwa watu wenye uwezo, na bila shaka hawakukosa siga nzuri.

Tahadhari maalumu kwa wewe uliyeacha sigara za kawaida ukaona uhamie kwenye siga: mapafu yako yameshazoea. Watu waliowahi kuvuta sigara huwa na tabia ya kuuvuta moshi wa siga mpaka ndani bila ya kujijua. Matokeo yake wanapata madhara ya kinywa pamoja na ya mapafu na moyo.

4. Muda na kiasi

Sigara moja ya kawaida ina tumbaku isiyofika gramu 1. Siga kubwa moja inaweza kuwa na gramu 5 hadi 17, yaani huweza kufikia tumbaku ya pakiti nzima. Inawaka saa moja, pengine mbili, na muda wote huo inatoa lami na kaboni monoksidi chumbani. Anayesema "mimi navuta moja tu kwa wiki" ajiulize hiyo moja ni sawa na sigara ngapi. Bandu bandu huisha gogo.

Hukumu yetu

Kwa sura na ufundi, siga hiyo inastahili sifa. Kwa afya, haina hata alama moja ya kuipa. Sumu iko kwenye jani na moto, haiko kwenye mashine, na kwa hiyo kuiondoa mashine hakuondoi sumu. Hukumu hiyo inaenea pia kwa vitu vingine vya mkono tulivyovizoea: dokha inayovutwa kwa kile kiko kidogo cha midwakh, ambayo hata jina lake kwa Kiarabu maana yake ni kizunguzungu, afzal ya kutafuna inayotumika Oman, ugoro, na tambuu yenye tumbaku waliyoizoea wazee wetu Unguja na Mombasa. Vyote hivyo ni tumbaku, hata kama vinasifiwa kwa kuwa ni vya asili.

Sablani tufanye nini?

Tunajua kwamba kumkatalia mwenyeji si jambo jepesi kwetu. Mtu anaweza kujidhuru kwa kuona haya tu. Lakini mila zetu zenyewe zina njia. Ukitosheka na kahawa unatikisa finjani, na hakuna anayeona umemvunjia heshima. Na kwa siga iwe hivyo hivyo. Weka mkono wa kulia kifuani, sema, "Ahsante ami, Mungu akuzidishie, mimi sivuti. Nimiminie kahawa nyingine." Huna haja ya kutoa hotuba wala kumfedhehesha mtu mbele ya wageni.

Ukiwa wewe ndiye mwenyeji, zingatia haya:

- Usiruhusu tumbaku kuvutwa ndani ya nyumba. Wakati wa joto madirisha yote yanafungwa na kiyoyozi kinawashwa. Kiyoyozi kinapoza hewa, hakiondoi sumu ya moshi. Hakuna kiwango cha moshi wa tumbaku kilicho salama kwa mtoto, mjamzito, au mtu mwenye pumu au maradhi ya moyo.
- Usiufunike moshi kwa kuleta chetezo. Udi na ubani vinabadilisha harufu tu, na vyenyewe vinaongeza moshi.
- Vipande vilivyobaki usiviache kwenye sahani. Mtoto mdogo akikitia kinywani na kukimeza anaweza kudhurika vibaya kwa nikotini. Ikitokea hivyo mkimbize hospitali, usisubiri atapike.
- Usimpe kijana "aonje" ili aonekane mwanamume. Wengi walionasa walianza kwa kuonja.
- Ukitaka kuleta zawadi kutoka safari, leta tende, asali au kahawa. Kwa Oman, tangu Juni 2019 tumbaku inatozwa ushuru wa asilimia 100, basi hata mfuko wako utakushukuru.

Kwa wenye kutaka kujua upande wa dini, Sheikh Ahmed bin Hamad al-Khalili, aliyezaliwa Zanzibar na kuwa Mufti Mkuu wa Oman mwaka 1975, ametoa fatwa kwamba kuvuta tumbaku ni haramu.

Dalili ambazo usizidharau

Kama umekuwa ukivuta au kutafuna tumbaku ya aina yoyote, jiangalie kinywa chako kwenye kioo mara moja kwa mwezi. Nenda kwa daktari au daktari wa meno ukiona:

- kidonda kinywani kisichopona kwa wiki 2 hadi 3
- doa jeupe au jekundu kwenye ulimi, ufizi au shavu kwa ndani
- uvimbe shingoni
- sauti iliyokwaruza isiyorudi, au chakula kukwama unapomeza
- jino kulegea bila sababu

Saratani ya kinywa ikigunduliwa mapema inatibika vizuri zaidi. Wanaoishi Jalan waanzie kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya wilaya. Ikihitajika watapelekwa hospitali kubwa zaidi, pengine mpaka Muscat. Dar es Salaam iko taasisi ya saratani ya Ocean Road. Usimfiche daktari kwamba unatumia tumbaku kwa kuogopa lawama. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Jinsi ya kuacha

Kwanza, chagua siku na uwaambie watu wa nyumbani. Pili, toa nyumbani kila kitu kinachokukumbusha: kisanduku, kikatio, kiberiti maalumu. Tatu, jua saa yako ya hatari. Kwa wengi ni baada ya chakula cha usiku. Basi saa hiyo inuka ukatembee au ukapige mswaki. Nne, muulize daktari kuhusu dawa. Kuna bandiko la ngozi na ubani wa kutafuna wenye nikotini kidogo kidogo, na zipo pia tembe zinazopunguza hamu. Walioko Uingereza waulize huduma ya NHS ya kuacha sigara, na walioko Marekani wapige 1-800-784-8669 bila malipo.

Hamu ikikushika, mara nyingi haidumu zaidi ya dakika chache. Kunywa maji, zungumza na mtu, isubiri ipite. Ukiteleza siku moja usikate tamaa, anza tena kesho yake. Mwili unasamehe haraka kuliko unavyodhani: mapigo ya moyo yanaanza kushuka ndani ya dakika 20, kaboni monoksidi inatoka kwenye damu ndani ya siku moja au mbili, na baada ya mwaka mmoja ile hatari ya ziada ya maradhi ya moyo inapungua kwa karibu nusu.

Ndugu msomaji, familia inayosokota siga inatafuta riziki yake, nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini nawe una familia yako inayokutegemea, na hiyo ndiyo ya kuitazama kwanza. Mpelekee makala hii jamaa yako yeyote anayesema "mimi navuta za mkono tu".