Geini si volyumu: Kwa nini sabufa za magari huungua mapema, na namna ya kuseti amplifaya

Hadithi huwa ni ileile. Mtu anajibana miezi kadhaa, anaingia Kariakoo, anarudi na sabufa ya inchi 12, boksi lake na amplifaya. Fundi anafunga jioni hiyohiyo. Buti linatetemeka, mtaa mzima unajua nani kaingia. Wiki mbili baadaye inaanza kusikika harufu ya waya ulioungua kutoka nyuma ya gari. Besi inakwaruza kidogo, halafu kimya.

Lawama ya kwanza humwendea muuza duka: "Ameniuzia feki." Ya pili humwendea fundi. Inawezekana kweli mmoja wao ana kosa. Lakini kuna mtuhumiwa mwingine ambaye wengi hawamkumbuki. Amekaa kimya ubavuni mwa amplifaya: kitufe kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi, kimeandikwa GAIN au LEVEL.

Wengi hukizungusha hadi mwisho wakidhani ni volyumu ya pili. Sivyo, na kosa hilo ndilo linalounguza pesa za watu.

Geini inafanya kazi gani?

Redio ya gari hutuma muziki kwenda kwenye amplifaya kupitia waya za RCA. Muziki huo husafiri kama umeme mdogo sana. Redio nyingine hutoa volti 2, nyingine 4, na nyingine hata chini ya hapo. Amplifaya haijui imefungiwa redio gani, kwa hiyo lazima iambiwe. Hiyo ndiyo kazi ya geini: kuiambia amplifaya itegemee umeme wa kiasi gani kutoka kwenye redio.

Kwenye amplifaya nyingi kitufe hicho huanzia karibu volti 6 na kuishia karibu volti 0.2. Redio yenye sauti kubwa inahitaji geini ndogo, na redio dhaifu inahitaji geini kubwa zaidi. Zote mbili zikisetiwa sawasawa, zinaifikisha amplifaya kwenye nguvu yake yote.

Yaani geini ikiwa katikati, au hata robo, haimaanishi kwamba kuna wati zimebaki bila kutumika. Ndoo ya lita 20 haiwi ya lita 30 kwa sababu umefungulia bomba hadi mwisho. Ikishajaa, maji yanamwagika tu.

Kinachomwagika ni nini?

Mlio safi wa besi, ukiutazama kwenye kioo cha mashine ya kupimia mawimbi, ni wimbi lenye vilele vya mviringo. Amplifaya ikilazimishwa kutoa zaidi ya uwezo wake, haiwezi kufika kileleni. Wimbi linakatwa kichwa na kubaki bapa juu na chini.

Hapo mambo mawili hutokea. Kwanza, sauti inachafuka. Pili, na hili ndilo baya, nguvu inayokwenda kwenye sabufa inaongezeka. Wimbi lililokatwa hadi kuwa la mraba hubeba nguvu mara mbili ya wimbi safi lenye kimo kilekile. Amplifaya ya wati 500 inaweza kujikuta inaisukumia sabufa wati zinazoelekea 1000, ikiwa betri na waya vinaruhusu.

Ndani ya sabufa kuna koili ya waya mwembamba. Sehemu ndogo sana ya umeme unaoingia hugeuka sauti, na sehemu kubwa hugeuka joto. Joto likizidi, gundi ya koili inalainika, waya unaachia, na ile harufu inatoka. Ukifika hapo, hakuna kitufe kitakachorudisha hali.

Mtaani kuna msemo kwamba amplifaya ndogo inaua sabufa kubwa. Udogo peke yake hauui. Amplifaya ya wati 100 haiwezi kuchemsha sabufa ya wati 500. Tatizo huja pale amplifaya inapokaribiana na sabufa kwa nguvu, mwenye gari akaona besi haitoshi, akazungusha kila kitu hadi mwisho.

Kwanza, soma namba sahihi

Kwenye boksi huwa kumeandikwa 2000W kwa herufi kubwa. Namba hiyo mara nyingi ni ya MAX, yaani ya kuuzia. Inayotafutwa ni RMS, nguvu ambayo kifaa kinaweza kuibeba kwa muda mrefu bila kuumia. Ipo kwenye kitabu cha maelekezo au kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma.

Amplifaya yenye alama ya CEA-2006 au CTA-2006 inaaminika zaidi kwenye hili, kwa sababu kiwango hicho cha Marekani kinawataka watengenezaji wapime nguvu kwa namna moja: kwenye omu 4, kwa umeme wa volti 14.4, na uchafu wa sauti usiozidi asilimia 1.

Namba ya pili ni omu, yaani ukinzani wa sabufa. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 kila moja, zikiungwa sambamba, huwa omu 2. Zikiungwa kwa kufuatana, huwa omu 8. Fundi aulizwe ameunga vipi, kwa sababu amplifaya isiyoweza kushuka chini ya omu 2 ikifungiwa omu 1 itachemka na kujizima. Sabufa ya omu 4 ikipimwa kwa mita husoma chini kidogo, kama 3.5. Hiyo ni kawaida, na kwenye hesabu bado inatumika 4.

Hesabu moja tu, simu inatosha

Chukua wati za RMS, zidisha kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni volti ambazo amplifaya inatakiwa kutoa. Mifano:

- Wati 300 kwa omu 4: volti 34.6
- Wati 500 kwa omu 4: volti 44.7
- Wati 500 kwa omu 2: volti 31.6
- Wati 1000 kwa omu 1: volti 31.6

Wati zipi zitumike, za sabufa au za amplifaya? Zilizo ndogo. Sabufa ikiwa ya RMS 300 na amplifaya inatoa 400, hesabu ifanywe kwa 300. Amplifaya ikiwa ya 250 na sabufa inabeba 400, hesabu ifanywe kwa 250.

Kuseti hatua kwa hatua

Kinachohitajika ni bisibisi ndogo, mita ya umeme ya kawaida ya mafundi, na mlio wa majaribio wa hezi 50. Mlio huo unapatikana bure mtandaoni, na kuna programu za simu zinazoutoa. Uwe wa 0 dB, maana yake umerekodiwa kwa kiwango cha juu kabisa.

1. Gari liwe sehemu ya wazi, injini ikiwaka. Betri iliyotulia ina volti kama 12.6, lakini injini ikiwaka hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4, na amplifaya hufanya kazi vizuri hapo. Usifanye hivi ndani ya gereji iliyofungwa, moshi wa injini unaua.

2. Zungusha geini hadi chini kabisa. Zima BASS BOOST. Kwenye redio, rudisha besi na trebo kwenye sifuri, na zima LOUDNESS.

3. Kichujio kilichoandikwa LPF kiweke kwenye hezi 80 hadi 100. Kama kuna kitufe cha besi cha waya kinachokaa karibu na dereva, kiweke juu kabisa.

4. Zima redio, chomoa waya za sabufa kwenye amplifaya, na hakikisha ncha zake hazigusani. Kisha washa redio tena.

5. Mita iweke kwenye volti za AC, ile V yenye kiwimbi. Gusisha nyaya zake kwenye matundu ya amplifaya yanayokwenda kwenye sabufa.

6. Piga ule mlio. Pandisha volyumu ya redio hadi robo tatu. Kama redio inaishia 40, weka 30.

7. Zungusha geini polepole mno huku ukisoma mita. Ikifika kwenye ile namba ya hesabu, simama. Usiongeze hata kidogo.

8. Zima kila kitu, rudisha waya za sabufa, kisha piga muziki wa kawaida.

Wanaopiga muziki kwa simu

Vijana wengi leo hawagusi redio, wanaunganisha simu kwa Bluetooth. Hapo kuna mtego. Simu ina volyumu yake na redio ina yake. Mtu akiseti geini wakati simu iko nusu, siku atakayopandisha simu hadi mwisho mawimbi yatakatwa vichwa.

Dawa ni kuseti kwa njia ileile inayotumika kila siku, volyumu ya simu ikiwa juu kabisa na vikorombwezo vya sauti ndani ya simu vikiwa vimezimwa. Baada ya hapo, sauti ipandishwe na kushushwa kwenye redio tu.

Kama hakuna mita

Masikio yanaweza kusaidia, ingawa kwenye besi hayaoni vizuri. Chomoa sabufa kwanza, piga wimbo unaoufahamu kwenye spika za mbele, pandisha volyumu hadi sauti ianze kuchafuka, kisha rudi nyuma kidogo. Hapo ndipo mpaka wa redio. Shusha volyumu, rudisha sabufa geini ikiwa chini kabisa, kisha rudi kwenye ule mpaka. Pandisha geini polepole hadi besi ianze kukwaruza au kupiga kikavu, halafu ishushe.

Mita nayo ina upungufu wake. Inasoma volti, haioni kama wimbi limekatwa. Kama boksi la amplifaya limedanganya kuhusu wati, wimbi linaweza kukatwa kabla namba haijafika. Ndiyo maana mafundi wakubwa hutumia oskiloskopu, mashine inayoonyesha wimbi lenyewe. Mwenye mfumo wa bei kubwa ana sababu ya kumtafuta fundi wa namna hiyo.

"Kaka, ongeza kidogo"

Kazi ikiisha, mteja huketi kwenye kiti, husikiliza, kisha humwambia fundi: "Kaka, ongeza kidogo." Hapo ndipo mengi huharibika, kwa hiyo inafaa kujua hicho kidogo kina thamani gani.

Ukizidisha wati mara mbili, tuseme kutoka 500 hadi 1000, sauti inaongezeka kwa desibeli 3 tu. Sikio linaona tofauti, lakini si kubwa. Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili, zinahitajika desibeli kama 10, yaani wati mara kumi. Zile nyuzi chache za mwisho za geini zinatoa nyongeza ambayo haisikiki sana, huku zikimaliza uhai wa koili.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ndio wa hatari. Mtu aliyeseti vizuri, kisha kesho akaongeza besi kwa desibeli 3 kwenye redio, ameiomba amplifaya nguvu mara mbili, wakati hana mara mbili ya kutoa. Anayependa besi iliyoongezwa aiongeze kabla ya kupima, si baada.

Besi ikibaki ndogo hata baada ya kuseti sawasawa, tatizo liko kwingine. Huenda boksi si la saizi ya sabufa hiyo. Huenda waya wa umeme ni mwembamba, au ule wa bodi umefungwa juu ya rangi badala ya chuma kitupu. Huenda sabufa inasukuma wakati spika za mbele zinavuta, jambo linaloweza kurekebishwa kwa kubadilisha nyaya mbili za sabufa. Taa za gari zikififia kila besi inapopiga, umeme hautoshi.

Na masikio nayo yana kikomo. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwa desibeli 100, unabaki na dakika 15. Sabufa ikiungua, Kariakoo kuna nyingine. Sikio likiungua, hakuna duka.

Kwa hiyo kitufe kikishasetiwa, piga alama kwa kalamu ya rangi pale kilipo, na kumbuka ile namba ya volyumu. Kama ni 30, basi 30 ndiyo mwisho. Rafiki akipanda gari na kunyoosha mkono kwenye redio, aambiwe mapema.