Swali Linalowafukuza Wahitimu Kiminini

KATIKA soko la Kiminini, kando ya barabara itokayo Kitale kwenda Webuye, lipo swali moja ambalo kijana aliyemaliza chuo kikuu hulikwepa kuliko anavyolikwepa deni la dukani. Swali lenyewe huja limefungwa ndani ya salamu. Kijana hajateremka vizuri kutoka kwenye matatu, muuza ndizi amekwisha kumuuliza habari za siku nyingi. Mwendeshaji bodaboda anamwita "mwalimu" hata kama alisomea hesabu za biashara. Kabla hajafika kwa mama yake atakuwa ameulizwa mara tatu: umeshapata kazi?

Wanaouliza hawana nia mbaya. Wengi wao ndio waliochanga. Huyu alitoa mia mbili siku ya harambee, yule aliazima hema la sherehe, na khocha, yaani mjomba, aliuza ndama ili karo ya muhula wa kwanza itimie. Mtu aliyepanda hana budi kwenda kutazama mbegu imeota vipi. Shida ni kwamba kijana naye anajua hesabu hiyo yote, tena kwa majina, na ndiyo inayomkosesha usingizi.

Hofu hii haingoji siku ya joho. Huanza mwaka wa nne, wakati mwanafunzi bado yuko Kibabii kule Bungoma, Masinde Muliro mjini Kakamega, au katika vyuo vya Moi na Eldoret upande wa Uasin Gishu. Wapo wanaochelewesha makusudi ripoti ya mwisho ili waendelee kuitwa wanafunzi, kwani mwanafunzi hadaiwi mshahara. Wapo wanaomaliza lakini wanabaki katika vyumba vya kukodi karibu na chuo, wanne kwa kitanda kimoja na godoro la sakafuni, wakiwaambia wazazi kwamba "mambo yanashughulikiwa". Simu ya nyumbani ikilia jioni, huachwa ilie mpaka inyamaze.

Wazazi wengi huona huu ni uvivu, au ujeuri wa msomi asiyetaka kushika jembe. Mimi nadhani kinachowagombanisha ni kalenda.

Mzazi wa Trans Nzoia aliyezaliwa miaka ya sitini anakumbuka vizuri jinsi mambo yalivyokuwa. Aliwaona wenzake wakienda chuo cha ualimu na kutoka huko na barua ya kupelekwa shuleni. Kazi haikutafutwa, ilimngoja mtu. Hata serikali yenyewe iliwazoesha watu hivyo. Mwaka 1964, kisha 1970 na tena 1979, waajiri waliagizwa waongeze idadi ya wafanyakazi wao, na mara hiyo ya mwisho, chini ya Rais Moi, kila mwajiri alitakiwa kuongeza asilimia 10. Wakati huo nchi ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu cha umma, kile cha Nairobi. Cha pili, Moi, kilianzishwa mwaka 1984.

Mlango ulianza kufungwa polepole. Mwaka 1993 serikali ilianza mpango wa kupunguza watumishi wake. Mwaka 1998 ikasimamisha ule utaratibu wa kuwaajiri walimu moja kwa moja wakitoka chuoni. Tangu hapo mwalimu hungoja nafasi itangazwe na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, kisha hushindana na wenzake. Wakati huo huo mlango wa vyuoni ulikuwa ukipanuliwa. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024, watahiniwa zaidi ya 246,000 walipata alama ya C+ na kuendelea, ambayo ndiyo ya kuingia chuo kikuu.

Hata hivyo, ualimu bado ndiyo kozi ambayo mzazi wa huku humshauri mwanawe kuchukua, kwa sababu ndiyo kazi aliyoiona ikilipa. Wala hamdanganyi, anamweleza nchi aliyoijua yeye. Mhitimu anafika kwenye usaili na kukuta kwamba kwa miaka mingi mwongozo wa TSC umewapa alama zaidi waliokaa muda mrefu tangu wahitimu. Ni haki kwa aliyengoja miaka minane. Lakini kwa aliyemaliza juzi, maana yake ni kwamba naye akangoje. Nendeni mkamweleze mama hilo, kwamba mtoto amekosa kazi kwa kuwa hajakaa nyumbani vya kutosha!

Ile nafuu ya mwaka 2023, shule za sekondari ya msingi zilipoanza, nayo ilikuja na miiba. Maelfu ya walimu waliitwa kuwa wanagenzi kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Aprili 2024 mahakama ya kazi iliamua kwamba utaratibu huo haukuwa halali, na mwezi uliofuata wanagenzi wakagoma wakidai ajira ya kudumu. Huko nyumbani kijiji kilikuwa kimeshaambiwa kwamba kijana "ameajiriwa", na wadogo zake walikwisha kuongezwa kwenye orodha yake ya matumizi.

Jambo jingine ambalo wazazi hawalioni ni bei ya kutafuta kazi. Tuseme kijana ni wa Sikhendu au Nabiswa, na nyumba yao hutegemea mahindi. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kununua gunia la kilo 90 kwa shilingi 4,000. Hati ya tabia njema kutoka kwa polisi ni shilingi 1,050, kwa hiyo robo ya gunia imekwenda kabla kijana hajaandika barua moja. Ongeza nauli ya kwenda Kitale kupigwa alama za vidole, nakala za vyeti, na ikitokea usaili Nairobi, safari ya karibu kilomita 400 kwenda tu. Kijana anayeomba kazi kumi amekula debe baada ya debe, na hana cha kuonyesha.

Hapa kuna habari ambayo wengi hawajaisikia. Mwaka 2022 sheria ya ajira ilibadilishwa, na sasa mwajiri hapaswi kudai vyeti vile vya polisi, kodi, mikopo na maadili mpaka awe tayari kumpa mwombaji mkataba. Ukiombwa rundo lote siku ya kwanza, una haki ya kuuliza kwa nini. Na ukiombwa "kitu kidogo" ili jina lako liingizwe, jua kwamba shamba la baba limo hatarini.

Kisha kuna mkopo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, huhesabu mwaka mmoja tangu mtu amalize, halafu huanza kudai. Riba ni asilimia 4, na asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Ndiyo maana utamwona kijana akishtuka anapopokea ujumbe wa simu ambao mzazi wake hawezi hata kuuelewa.

Basi warudi shambani, husema viongozi kila wanapopewa kipaza sauti. Ushauri huu unapendeza ukiusikia kutoka jukwaani. Mashamba ya Trans Nzoia, yaliyokuwa ya walowezi kabla ya watu kugawiwa na kununua kwa vyama, yamekatwa na kukatwa tena. Hati ni ya baba, mbolea ni ya mkopo, na mhitimu hana hata ekari moja ambayo mavuno yake ni yake. Anakuwa kibarua asiyelipwa mwenye shahada.

Zipo nyumba chache zilizopata njia. Baba amempa mhitimu ekari moja kwa msimu mmoja, mavuno yote ni yake, na wamekubaliana kwamba hataulizwa habari ya kazi mpaka baada ya kuvuna. Mwenye kufundisha kwa malipo madogo ya bodi ya shule, au kuuza dawa za mifugo Kitale, haitwi aliyeshindwa mbele ya wageni. Wasichana hawana bahati hiyo, kwa maana msichana akikaa nyumbani miezi sita na shahada yake, shangazi huanza kuzungumzia wachumba.

Januari ndiyo mwezi mgumu kuliko yote. Mahindi yako ghalani, na mdogo wa mhitimu anafungua shule akihitaji karo, sare na godoro. Gunia likitolewa la kumlipia yeye, la nauli ya usaili halipo. Na mara nyingi anayelipakia gunia hilo kwenye bodaboda na kulipeleka sokoni Kiminini kuuzwa ni yule yule mwenye picha ya joho ukutani.