Je, Wajua? Mafia, wilaya iliyozungukwa na bahari

Wilaya ya Mafia, mkoani Pwani, haipakani na wilaya yoyote kwa nchi kavu. Pande zote ni Bahari ya Hindi. Sensa ya 2002 ilihesabu wakazi 40,801. Mwaka 2012 walikuwa 46,438, na ile ya 2022 ikakuta wamepita 60,000. Hata hivyo, bado ni miongoni mwa wilaya za Tanzania zenye watu wachache.

Ina kata nane: Kilindoni, Kiegeani, Baleni, Ndagoni, Miburani, Kirongwe, Kanga na Jibondo. Hii ya mwisho ndiyo ya kushangaza zaidi, kwani inajumuisha visiwa vya Jibondo, Juani na Chole. Mtendaji wa kata hiyo hawezi kuwafikia wananchi wake wote bila chombo cha baharini, na mama mjamzito anayehitaji hospitali ya wilaya huko Kilindoni huanza safari kwa kuvuka maji. Idadi ya watu pekee haionyeshi ugumu huo, na inafaa ukumbukwe bajeti zinapogawanywa.

Chole hiyohiyo iliwahi kuwa makao ya utawala wa Wajerumani, kabla hawajahamia Kilindoni mwaka 1913.