Gia za mkono au otomatiki: kabla hujalipia gari la mtumba

Anayetafuta gari dogo leo Dar es Salaam au Mombasa hukuta sehemu kubwa ya uamuzi imeshafanyika Japani. Wajapani walizipa kisogo gia za mkono zamani. Tangu 1991 wana hata leseni ya mtu aliyejifunza otomatiki peke yake, na magari yao mapya ya kutembelea sasa karibu yote ni otomatiki. Wanaendesha upande wa kushoto kama sisi na huyaachia magari yao mapema, kwa hiyo hayo ndiyo yanayoshuka bandarini kwetu. Pita kwenye yadi yoyote utazame IST, Vitz, Passo, Premio na X-Trail zilizopangwa: unaweza kumaliza mstari mzima hujaona pedali ya klachi. Gia za mkono, au manyuo kama wengi wanavyosema, zimebaki kwa magari ya kazi: Kirikuu za kubeba matofali na mboga, Hiace za abiria, Canter, Probox chache, na Hilux na Land Cruiser za miradi ya vijijini.

Hata hivyo swali halijafa, na linaletwa gereji kila mara: nichukue ipi? Jibu langu liko wazi. Kwa mtu wa mjini anayekwenda kazini na kurudi, otomatiki inafaa, mradi ajue ni otomatiki ya namna gani na akubali kuinunulia oili yake. Anayeona sharti hilo la pili ni gharama ya bure, atafute gari la gia za mkono. Litamvumilia zaidi.

Tuanze na klachi. Ni sahani inayobanwa kati ya injini na giaboksi. Ukikanyaga pedali inaachiwa, ukiinua mguu inabanwa tena, na katikati kuna muda mfupi ambapo inasuguana. Hapo ndipo inapolika. Dereva anayetoka Dodoma kwenda Singida anaweza kwenda muda mrefu hajaigusa. Dereva anayetoka Mbagala kuelekea Posta saa moja asubuhi anasogea urefu wa gari moja, anasimama, anasogea tena, na kila kusogea ni msuguano mwingine. Ndiyo maana klachi mbili za aina moja, moja hupita kilomita 100,000 na nyingine huisha haijafika hata nusu. Mguu nao una lawama zake. Wapo wanaouegesha juu ya pedali muda wote, na wapo wanaolishikilia gari mlimani kwa nusu klachi badala ya kuvuta breki ya mkono. Harufu ya klachi inayoungua hivyo, aliyeinusa mara moja haisahau.

Lakini klachi ina uungwana mmoja: ugonjwa wake unajulikana na dawa yake ipo kila mahali. Pleti, presha pleti na beringi yake. Fundi wa mji mdogo anashusha giaboksi asubuhi, jioni unaondoka. Giaboksi yenyewe ni gia, shafti na oili nzito, na ikitunzwa kidogo tu huishi kuliko bodi la gari. Mtu anayeishi mbali na mafundi wazoefu, anayebeba mizigo kila siku au anayeingia kwenye matope masika yote, sina sababu ya kumwondoa kwenye gia za mkono.

Otomatiki nyingi za kawaida hazina klachi hiyo ya mguu. Mahali pake kuna konveta, chombo cha mviringo kilichojaa oili. Chukua pangaboi mbili uzitazamishe. Ukiwasha moja, upepo wake utaizungusha ya pili ingawa hazijagusana. Ndani ya konveta kazi ya upepo hufanywa na oili. Mjerumani Hermann Föttinger alibuni mtambo wa jinsi hiyo mwaka 1905 akiwa na meli akilini. Magari yakaufaidi miongo kadhaa baadaye. Kwa sababu hiyo gari la otomatiki linaweza kusimama kwenye D huku injini ikiwaka, lisizime. Pangaboi la upande wa injini linazunguka, la upande wa magurudumu umelishika kwa breki.

Foleni basi hailikwangui gari hili kama inavyoikwangua klachi. Inachofanya ni kuipasha oili moto. Na oili ya otomatiki ina kazi nyingi mno: inapeleka nguvu ya injini, inasukuma vali na klachi ndogo ndogo zinazobadili gia ndani kwa ndani, inalainisha, kisha inabeba joto kulipeleka kwenye rejeta. Ikichoka, vyote vinachoka pamoja.

Hapa ndipo giaboksi nyingi za kwetu zinapouawa. Kuna oili nyekundu ambayo mafundi wengi huiita haidroliki, na kwa baadhi yao hiyohiyo humiminwa popote, kuanzia pampu ya usukani hadi giaboksi ya gari lolote. Toyota IST ya kwanza, iliyotoka 2002, ina otomatiki ya gia nne na inataka oili iliyoandikwa T-IV. Ukiiwekea oili nyekundu ya jamii ya karibu inaweza kuvumilia kwa muda, pengine kwa kubadili gia kwa kishindo. Vitz iliyoanza 2005 ni habari nyingine. Nyingi zina CVT, na CVT haina huruma ya namna hiyo.

Ndani ya CVT hakuna gia ya kwanza wala ya pili. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma unaozunguka kati yake. Puli zinajitanua na kujibana kidogo kidogo, mkanda unapanda na kushuka, na uwiano wa mwendo unabadilika bila ngazi. Kampuni ya DAF ya Uholanzi iliuza gari dogo la mpango huu mwaka 1958, mikanda yake ikiwa ya mpira. Wa leo ni vipande vya chuma vilivyopangwa kama tasbihi. Mkanda huo unashika puli kwa shinikizo na msuguano tu. Oili ya CVT imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kukwaruzana. Ukiiondoa ukaweka oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda unaanza kuteleza, unachora mistari kwenye puli, na unga wa chuma unasambaa hadi kwenye vali. Gari litatetemeka likianza kuondoka, kisha litavuma, kisha litagoma. Puli ikishachorwa, hakuna oili ya kuiponya.

Kwa hiyo andika mahali au piga picha: CVT za Toyota hutumia TC au FE kulingana na modeli, za Nissan hutumia NS-2 au NS-3. Kitabu cha gari kitakuambia ipi ni yako, na mara nyingine imeandikwa kwenye kifuniko au kwenye stiki ya kupimia. Nenda Kariakoo au Kirinyaga Road ukiwa na jina kamili, ulione kopo likifunguliwa mbele yako. Fundi akikwambia zote ni sawa, mshukuru uondoke na gari lako.

Vitabu vingine havitaji kabisa muda wa kubadilisha oili ya giaboksi, na wamiliki wengi hufarijika na ukimya huo. Vitabu hivyo viliandikwa kwa ajili ya mmiliki wa kwanza na barabara za kwao. Gari likifika kwetu na kilomita 80,000 linaanza maisha ya pili, kwenye joto na foleni. Nashauri ibadilishwe kati ya kilomita 40,000 na 60,000, kwa kuifungulia ichuruzike na kurudisha kiasi kilekile kilichotoka. Kuisukuma kwa mashine kwenye giaboksi kongwe ambayo haijawahi kubadilishwa kunaweza kukoroga uchafu uliokuwa umetulia ukaziba njia za vali.

Sheria za nchi nazo zinaingia hapa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo Mombasa inashusha magari mapya zaidi, na mengi ya madogo ni CVT. Tanzania inapokea ya zamani zaidi kwa ushuru wa ziada wa umri, ndiyo maana otomatiki za gia nne bado zimejaa barabarani. Mnunuzi wa Dar es Salaam ana nafasi ya kuchagua mtambo mkongwe, mzito kidogo kwenye mafuta lakini unaoeleweka kwa mafundi wengi. Mimi kwa bajeti ndogo ningeanzia huko. Passo ya kuanzia 2010, au X-Trail ya kuanzia 2007 ambazo nyingi ni CVT, ningezinunua tu kama historia ya oili inaaminika.

Watu pia huogopa Aqua na Prius wakisikia nazo zinaitwa CVT. Hofu hiyo si ya mahali pake. Giaboksi ya haibridi hizo haina mkanda wala konveta. Ni gia zinazozungukana, pamoja na mota mbili za umeme. Cha kuchunguza kwenye magari hayo ni betri kubwa na feni yake.

Kuhusu mafuta, wazo kwamba otomatiki inakunywa zaidi lilikuwa la kweli kwa zile za gia tatu na nne. CVT nzuri leo hulingana na gia za mkono au huzipita, kwa kuwa kompyuta huchagua mzunguko wa injini kwa usahihi kuliko mguu wa wengi wetu. Tofauti kubwa zaidi utaipata kwenye tairi zenye upepo wa kutosha na kwenye dereva asiyekanyaga kwa hasira.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote ni miteremko. Wanaoshuka Kitonga, Mai Mahiu au kutoka Lushoto kwenda Mombo na otomatiki, wengi huacha gari kwenye D na kuegemea breki mwanzo hadi mwisho. Breki zinapata moto, oili ya breki inaweza kuchemka, na pedali inazama bila gari kupungua mwendo. Walimu wa zamani wa udereva walifundisha kwamba gia uliyopandia mlima ndiyo ya kuteremkia, na kanuni hiyo inaihusu otomatiki vilevile. Kwenye IST kuna kitufe kidogo ubavuni mwa wenzo wa gia. Ukikibonyeza taa ya O/D OFF inawaka, na giaboksi haitaingia gia ya nne. Wengi huiona taa hiyo wakadhani gari limeharibika. Mteremko ukizidi, vuta wenzo hadi 2, na ukiwa mkali kabisa, hadi L. Kwenye CVT utakuta S, B au L kulingana na gari. Injini itanguruma, iache ingurume, inakushikia gari. Fanya hivyo kabla ya kuanza kushuka, mwendo ukiwa mdogo.

Wapo wanaoweka gari nyutro mteremkoni ili kuokoa mafuta. Kwenye injini ya kompyuta kitendo hicho hakiokoi kitu. Ukishuka na gia ukiwa umeinua mguu, kompyuta hukata mafuta kabisa kwa sababu magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inahitaji kupewa mafuta ili isizime. Unalipia petroli, na umejinyima msaada wa injini kwenye breki.

Siku ya kununua, fika gari likiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kulipasha moto kabla hujafika amekuficha nusu ya habari. Kanyaga breki, weka D, kisha R: liitikie upesi, bila kishindo na bila kusita. Lipeleke kwenye mlima. Injini ikipandisha sauti huku mwendo hauongezeki, giaboksi inateleza. Vuta stiki kama ipo. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua ni sababu tosha ya kurudisha funguo. Kama ni gia za mkono, jaribu kuondoka mlimani na usikilize kila gia inavyoingia, hasa ya pili. Na kama unaagiza moja kwa moja Japani, soma karatasi ya mnada: F5 ni gia tano za mkono, AT ni otomatiki. Usitegemee picha.

Kwa kijana anayejifunza, naomba ajifunze gia za mkono hata kama gari la nyumbani ni otomatiki. Kazi nyingi za udereva kwenye mashirika na miradi bado ziko kwenye Land Cruiser na Hilux zenye klachi. Kinyume chake, mwenye goti bovu la kushoto au anayeanza udereva akiwa mtu mzima asione aibu kuchagua otomatiki. Foleni ikiwa nyepesi mwilini, macho hubaki barabarani.

Otomatiki ikizimika njiani, usikubali ivutwe kwa kamba kilomita nyingi. Pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini; injini ikilala, magurudumu yanazungusha giaboksi kavu. Gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele linyanyuliwe mbele, linalovuta kwa yote manne libebwe lote juu. Kwa sababu hiyohiyo ya pampu, betri ikifa kusukumwa hakutaliwasha, hata mkiwa vijana kumi. Weka kwenye buti waya za kuazima moto, tena nene: nyembamba za bei ya chini huchemka mikononi na hazipitishi umeme wa kutosha kuzungusha stata.